Tarajali wa Mwaka Ujao

Ofa ilikuja siku ambayo hakuna aliyeitegemea, mchana wa jua kali, baada ya wiki nyingi za mgomo zilizowaacha madaktari tarajali hawana mbele wala nyuma. Wajumbe wao watatu waliitwa ghorofa ya juu ya hospitali, kwenye chumba cha mikutano chenye meza ndefu iliyong'arishwa na viyoyozi viwili, kimoja kizima na kimoja cha kupambia ukuta. Wakaketi upande mmoja. Upande wa pili aliketi Katibu wa hospitali, mtu wa makamo, mpole wa sauti, ambaye tangu mazungumzo yaanze hakuwahi kumkatiza mtu maneno, na kwa sababu hiyo hiyo walimwogopa kuliko wakubwa wote waliomtangulia.

Kiongozi wa wajumbe alikuwa binti mwembamba ambaye hospitali nzima ilimwita Redio. Jina hilo lilitoka nyumbani. Utotoni alikuwa akisema tangu anaamka mpaka usingizi umchukue, na akikosa wa kumsikiliza aliongea na kuku, hata mama yake akawa anawaambia majirani kwamba amezaa redio isiyotumia betri. Alipoingia chuo cha udaktari jina likamfuata, asijue nani aliyelileta. Na wenzake walipotafuta mtu wa kuwasemea, hawakuhangaika. "Redio tunayo," walisema, "tukatafute nini tena?"

Kulia kwake aliketi Baba Pacha, aliyewazidi wote umri, aliyeacha ualimu akaja kusomea udaktari tayari ana mke. Kushoto alikuwa Kimya, ambaye kazi yake ilikuwa kuandika yanayosemwa, na ambaye mwenyewe hasemi lake hata umkanyage.

Katibu akawasomea. Redio alisikiliza amekunja mikono, uso mkavu, kama walivyokubaliana, lakini kadiri alivyosikia ndivyo moyo ulivyomdunda. Mshahara unapanda, tena si nyongeza ya kuoneana haya. Anayetoka zamu ya usiku harudi wodini mpaka kesho yake. Kila zamu itakuwa na mwisho, na mwisho huo utaandikwa kwenye ratiba na kutiwa sahihi na daktari bingwa wa wodi. Kutakuwa na chumba cha kupumzikia chenye vitanda na bafu. Na atakayeumia kazini atatibiwa bure, na ataendelea kulipwa akiwa kitandani.

Hilo la mwisho liliwagusa pabaya, maana mgomo wenyewe ulizaliwa hapo. Mwenzao mmoja waliyemwita Mrefu alikesha wodi ya wazazi, asubuhi akapitiliza chumba cha upasuaji, na mchana akawa anamtoa mgonjwa damu huku usingizi umemshika wima. Sindano ikamwingia kidoleni. Mgonjwa yule alikuwa na virusi. Mrefu akaanza vidonge vya kinga, vidonge vikamtapisha vibaya, akaomba siku chache alale nyumbani. Utawala ukamjibu kwamba tarajali hana likizo ya ugonjwa, kwa kuwa hajaajiriwa, yumo mafunzoni. Mrefu akarudi wodini na ndoo ndogo, akaisukuma chini ya meza ya dawa, akawa anatapika, ananawa, anaendelea kuhudumia watu. Wenzake walipoiona ndoo ile, hapakuwa na wa kuwazuia tena.

Chini ya meza, Baba Pacha alimgonga Redio goti. Maana yake: tumepata.

"Kuna kifungu cha mwisho," Katibu akasema, akafunua ukurasa. "Kinahusu watakaoripoti kuanzia mwaka ujao." Akakisoma kwa sauti ile ile ya upole. Hao hawatahesabiwa watumishi. Watakuwa wanafunzi wa vitendo, watapewa posho, nusu ya kile walicholipwa hawa kabla ya mgomo, na masharti yote yaliyotangulia hayatawahusu.

"Yote?" Redio akauliza. "Hata la kuumia kazini?"

"Yote."

"Watafanya kazi gani iliyo tofauti na yetu?"

"Kazi ni ile ile." Katibu akavua miwani. "Binti yangu, fungu ni moja. Nikiwajazia nyinyi, lazima nipunguze mahali. Na sijamnyang'anya mtu kitu. Hao hawajaja. Mtu ambaye hajaja hawezi kusema amepunjwa."

"Mambo yakitulia, mtakiangalia upya kifungu hicho?" Redio akauliza.

"Tutakiangalia."

Kimya akainamisha kalamu kuandika. Katibu akamwinulia kiganja, taratibu, kama mtu anayekataa kuongezwa chai. "Hilo si la kuandika, kijana. Hilo ni la kuelewana." Kisha akawaambia kwamba jibu analitaka kesho kabla ya jua kutua, na wakikataa ofa hii hajui kama kutakuja nyingine, wala kama atakayeileta atakuwa yeye.

Ngazini Baba Pacha alishindwa kujizuia, alikuwa anashuka vipago viwili viwili. "Mwaka jana tungeletewa hii tungebusu sakafu," akasema. "Mke wangu nimempeleka kwao na watoto, Redio. Nakula kwa marafiki kama paka. Kesho tunasaini."

"Na wa mwaka ujao?"

"Wa mwaka ujao wana midomo. Watagoma wao."

"Watagoma na nani? Sisi tutakuwa tumeshiba."

Baba Pacha akasimama, akamgeukia. Hakuwa mtu mbaya, na alilosema alilisema kwa kumtakia mema. "Mdogo wako si anamaliza chuo mwaka huu?"

"Anamaliza."

"Basi chunga ulimi. Ukiipinga ofa, hakuna atakayesikia hoja. Watasema unamlinda wa kwenu."

Kimya alikuwa amewapita kimyakimya, anafunga daftari lake kwa mpira.

Nyumbani kwao Redio kulikuwa na vyumba viwili nyuma ya kibaraza ambapo mama yao alikuwa akishona nguo za watu. Aliwalea mabinti wake wawili kwa cherehani hiyo, na mlio wa pedali yake ndio waliousikia wakisoma, asubuhi na jioni, hata Redio alipohamia bwenini mara ya kwanza alikosa usingizi kwa sababu palikuwa kimya mno. Binti wa pili walimwita Kitinda. Huyu hakufanana na dada yake kwa lolote. Mama aliwahi kusema kwamba wa kwanza alikuja redio, wa pili akaja picha bila sauti. Lakini Kitinda akifungua kinywa, watu huacha wanachofanya. Hatumii maneno mengi, na anayotumia ameshayapima.

Kabla Redio hajafika mlangoni, fundi viatu aliyekaa nyumba ya pili alimwona na kumsalimia kama kawaida yake.

"Daktari, umerudi salama?"

"Salama, kaka. Shemeji anaendeleaje?"

"Anaamka siku hizi. Jana ametoka nje kidogo." Fundi akapuliza vumbi kwenye soli aliyokuwa anaipaka gundi. "Mmefikia wapi huko?"

"Tunaelekea mwisho."

"Mwenyezi Mungu awasaidie," akasema, na hakuna hata chembe ya kejeli iliyokuwamo ndani yake. Hapo ndipo palipomwumiza Redio. Mke wa mtu huyu alijifungua katikati ya mgomo, siku ambayo daktari alikuwa mmoja kwa wodi nzima ya wazazi. Mpaka afikiwe, mtoto alikuwa amechoka. Hakulia. Kama fundi angemtukana, Redio angekuwa na la kujitetea, maana majibu alikuwa nayo mengi na aliyasema mara nyingi mbele ya vipaza sauti: kwamba walioleta mgomo ni wale waliokataa kuwasikiliza. Fundi hakuwahi kumpa nafasi ya kuyatumia.

Ndani alimkuta Kitinda anashonea vifungo sare za shule, mama yuko kwenye cherehani. Kitinda hakuinua macho.

"Habari imeshatufikia," akasema. "Watu wako hawajui kufunga simu. Ni kweli sisi tumetupwa?"

Redio akaketi juu ya kitanda, akavua viatu, akawaeleza yote, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alieleza jambo bila kulitia chumvi. Kanyagio la cherehani likasimama. Alipomaliza, Kitinda akakata uzi kwa meno.

"Mmeamua?"

"Wanachama ndio wataamua. Kesho, bwaloni kwa wauguzi."

"Wewe utawaambia nini?"

"Sijui."

"Sikuombi ukatae kwa ajili yangu," Kitinda akasema. "Ukifanya hivyo watakuchafua, na mimi nitaonekana nimebebwa. Naomba kitu kimoja. Mnaamua kuhusu sisi, na sisi tuko hai, tunaweza kusema. Tuje watatu tu. Tuseme, tutoke, kura mpige wenyewe."

Lilikuwa ombi dogo kiasi kwamba Redio aliona aibu kulifikiria. "Njooni," akasema.

"Umesema?"

"Nimesema, Kitinda. Njooni."

Kitinda akaitikia kwa kichwa na kuchukua sare nyingine. Baadaye, alipokwenda bombani kuchota maji, Redio alimtazama mama yake. Mama akawa anautafuta uzi uliokatika kwenye sindano ya mashine, akakunja uso kama haoni.

"Usiniangalie mimi," akasema. "Kitambaa kimoja naweza kukikatia watu wawili, kila mtu akapata kidogo. Hili lenu si kitambaa."

"Nataka tu kujua wewe ungefanyaje."

"Mwanangu, nimezaa wawili. Usiniulize swali hilo." Akakanyaga pedali.

Bwalo la chuo cha wauguzi lilinuka sabuni ya kuoshea vyombo. Walijaa hadi madirishani. Wengine walikuja na makoti meupe, kwa mazoea tu, kama mtu aliyeachishwa kazi anavyoendelea kuamka mapema. Mstari wa mbele aliketi Mrefu, amekonda, shati limemvaa badala ya yeye kulivaa. Karibu yake alikuwapo tarajali mjamzito ambaye wiki iliyopita alimwambia Redio kwamba haogopi kujifungua, anaogopa kurudi kwenye zamu zile akiwa na mtoto mchanga.

Redio akasimama juu ya jukwaa la mbao na kuwasomea ofa. Kila kipengele kilipokewa kwa makofi. Aliposoma kile cha kuumia kazini, watu walimgeukia Mrefu, na Mrefu akajifunika uso kwa mikono yake mirefu. Kisha akasoma kifungu cha mwisho. Makofi yakakatika. Bwalo likaanza kuvuma kwa chini, kila mtu na jirani yake, na Redio aliona wazi kwamba watu wamegawanyika na wengi wao hawajui wasimame upande gani. Walikuwa kama mtu aliyefika njia panda usiku na anangoja wa kumshika mkono.

Mlango ukabishwa. Baba Pacha, aliyewekwa kuusimamia, akaufungua nusu, akazungumza na mtu, akarudisha kichwa ndani.

"Kuna wanafunzi wa mwaka wa mwisho," akatangaza. "Wanasema wameitwa."

Kupitia nafasi ile Redio aliwaona. Wawili hakuwajua vizuri. Wa tatu alikuwa Kitinda, nywele amezibana nyuma, mkono mmoja umeshika fremu ya mlango.

"Wasiingie," mtu akasema kutoka katikati. "Mkutano ni wa wanachama."

"Wasikilizwe tu, wana kosa gani?" mwingine akajibu.

"Kanuni ni kanuni," Baba Pacha akasema.

Na hapo Kimya, ambaye hakuna aliyekumbuka sauti yake, alisema kutoka mezani kwake, "Waingie."

Watu wote wakamtazama, halafu wakamtazama Redio. Yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Neno lilikuwa lake.

Mengi yalimpitia kichwani kwa muda mfupi, na katika miezi iliyofuata aliyachambua yote, moja moja, akitafuta lipi hasa lililomshinda. Alimjua mdogo wake. Alijua kwamba Kitinda akisimama pale na kusema maneno yake machache, bwalo litageuka. Hakukuwa na shaka yoyote. Ofa ingekataliwa, mgomo ungeendelea, na Katibu asingerudi. Aliwaza wodi ya wazazi na daktari wake mmoja. Alimwona fundi viatu akipuliza vumbi. Aliiona ndoo ya Mrefu. Alisikia pia onyo la ngazini, kwamba watasema unamlinda wa kwenu, na uso ukamwaka kabla hajaambiwa na mtu. Na chini ya hayo yote kulikuwa na kitu kingine, hakikuwa na heshima yoyote, nacho kilikuwa uchovu. Alichoka. Alitaka jambo liishe. Alikitaka kitanda kile kilichoandikwa kwenye ofa, alale.

"Kanuni hairuhusu," akasema. "Funga mlango."

Kitinda hakubembeleza, hakuita dada. Alimtazama tu kwa mbali, juu ya vichwa vya watu, kisha akauondoa mkono wake kwenye fremu, taratibu, usije ukabanwa. Mlango ukafungwa.

Baada ya hapo mambo hayakuchukua muda. Mrefu alisema maneno mawili matatu ya shukrani. Mjamzito akalia. Mikono ikapanda, mingi mno hata hapakuwa na haja ya kuhesabu. Kimya aliweka kalamu yake juu ya daftari, akavipanga vyote viwili mbele ya kiti cha Redio, akatoka kwa mlango wa jikoni. Jioni ile Redio aliisaini ofa kwa niaba ya wenzake, na Katibu akampa mkono kwa mikono miwili.

Ingekuwa rahisi kusema kwamba yaliyofuata yalikuwa mabaya. Hayakuwa. Wodi zilijaa tena madaktari. Chumba cha kupumzikia kilifunguliwa kweli, vitanda vilikuwa na mashuka safi, na maji ya moto yalitoka. Redio alilala usingizi ambao hakuwahi kuulala tangu aanze mafunzo, akaamka na akili nyeupe, akaanza kuona kwa wagonjwa wake vitu ambavyo zamani angevipita. Baba Pacha alikwenda ukweni kuwafuata mkewe na watoto, akarudi akijisifu kwamba pacha mmoja sasa anamwita baba na mwingine anamwita shemeji, kwa sababu ndivyo alivyosikia mjomba wake anavyomwita.

Nyumbani ndiko kulikobadilika, tena bila kelele. Kitinda alimsalimia, alimwekea chakula, alimjibu alichoulizwa. Ila hakumwita dada tena. Hakumwita kitu chochote. Aliyapanga maneno kwa namna ambayo jina halikuhitajika. Akitaka chumvi, alisema chumvi iko wapi. Mama akawa anaongea zaidi ya kawaida yake wakati wa kula, anajaza nafasi, mpaka siku moja akachoka, akasema mezani kwamba yeye ni mshonaji, lakini vitu vingine havishoneki, akabeba sahani yake na kwenda kumalizia chakula kibarazani.

Redio akajaribu kulitengeneza. Alipanda ghorofa ya juu kumkumbusha Katibu neno lake. Akaambiwa Katibu amepandishwa cheo, amehamia wizarani. Aliyekalia kiti chake sasa alikuwa mama mmoja mwenye haraka, aliyepekua faili mbele yake tangu mwanzo hadi mwisho.

"Unasema mlielewana," yule mama akasema. "Hapa sioni maelewano yoyote. Mlielewana na nani, wapi?"

"Hapa hapa. Kwenye meza hii."

"Dada yangu, meza haina kumbukumbu." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa na watu wengine wanangoja nje.

Mafunzo yao yalikuwa ya miaka miwili, kwa hiyo wapya walipowasili, Redio alikuwa bado yupo. Kitinda aliomba kupangiwa hospitali yoyote nyingine, lakini orodha ilipotoka, alikuwa amepangiwa hapo hapo, wodi ya watoto, na Redio akiwa mkubwa wake wa moja kwa moja.

Wapya walivaa vitambulisho vya rangi tofauti, vya njano. Haukupita muda wauguzi wakawa wanawaita manjano. "Mwite manjano mmoja aje amtundikie huyu dripu." Manjano walianza zamu wakati hao wengine wanaanza, lakini hawakumaliza nao. Ratiba yao haikuwa na sahihi ya bingwa, wala haikuwa na mwisho. Mtu aliondoka pale mwenzake alipokuja, na mwenzake hakuja kwa sababu amebanwa wodi nyingine. Wagonjwa hawakujua tofauti. Kwao daktari ni daktari.

Kitinda alifanya kazi vizuri, bila kulalamika, na hilo lilimtesa Redio kuliko malalamiko. Aliiona miguu yake imevimba juu ya viatu. Aliona anavyokunywa maji amesimama, amefunga macho. Kisha mchana mmoja, wakati Kitinda anaandika dozi ya mtoto wa homa ya mapafu, kalamu yake ikasimama mwishoni mwa tarakimu, ikateleza chini ya karatasi na kuacha mstari wa wino mpaka ukingoni. Macho yake yalikuwa wazi. Haikuchukua hata nukta, akashtuka, akaanza kufuta.

Redio akalichukua faili mkononi mwake. Tarakimu iliyoandikwa ilikuwa sahihi. Safari hii.

"Nenda kalale," akasema kwa sauti ya chini, maana mama za watoto walikuwa wanasikia.

"Wapi? Kile chumba ni cha watumishi."

"Basi nenda nyumbani. Nitaishika zamu yako."

"Yako inaisha sasa hivi."

"Ndiyo maana naweza."

Kitinda akamwangalia. Kisha, badala ya kukataa, akaanza kumkabidhi wagonjwa, kitanda kwa kitanda: nani amepewa nini, nani anangoja kipimo, mama yupi anasema amemnyonyesha mtoto kumbe bado. Walipofika kitanda cha mwisho, kando ya sinki, akashusha sauti.

"Ulijua kwamba ningewageuza," akasema.

"Nilijua."

"Ndiyo maana ukafunga."

"Ndiyo."

Kitinda alifungua bomba, akanawa uso, akaufuta kwa mkono wa koti. "Nimejiuliza mara nyingi, kama ningekuwa mimi pale mbele na wewe ndiye uko nje. Jibu ninalolipata silipendi hata kidogo." Akafunga bomba. "Kwa hiyo usidhani sielewi. Naelewa. Ila sijakusamehe, dada."

Lilimtoka lenyewe, neno lile la mwisho, na wote wawili walilisikia. Hakuna aliyelitaja. Kitinda akachukua mkoba wake akaenda zake nyumbani, na Redio akabaki wodini mpaka jua likazama, hajui alie au ashukuru.

Ikawa ndiyo desturi yao. Zamu ya Redio ikiisha, alivua kitambulisho chake, akakitia mfukoni, akaendelea, na Kitinda akaenda kulala. Hapakuwa na asante. Mrefu alipogundua, naye akaanza kumshikia zamu manjano mmoja wa wodi ya upasuaji, na baada yake wakafuata wengine wawili watatu. Baba Pacha hakutaka kusikia. "Tulikufa kwa ajili ya saa zile," alimwambia Redio kantini. "Unazitupa?" Redio aliona kwamba mwenzake ana haki.

Habari ikafika kwa bingwa wa watoto, mzee mkali ambaye hata wakati wa mgomo aliwatetea. Akamwita ofisini, hakumkaribisha kiti.

"Ratiba ya wodi hii naisaini mimi," akasema. "Ukichoka ukamuua mtoto wa mtu, sahihi ni yangu. Wewe ndiye uliyekuja kwenye mlango huu kunieleza uchovu unavyoua. Ulisema maneno mazuri sana. Nikakuamini."

"Ni kweli, daktari."

"Basi sasa unafanya nini?"

"Nisipokaa mimi, anakaa yeye. Kati yetu wawili mmoja lazima awe amechoka. Mimi nimelala juzi."

Bingwa akasugua paji la uso. Alionekana na yeye hajalala vizuri. "Hilo si suluhisho."

"Si suluhisho."

"Nikikukuta tena baada ya zamu yako, nitakuandikia onyo. La pili likija, hukamilishi mafunzo. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Sijauliza kama umekubali."

"Najua, daktari."

Akarudi wodini kwa ngazi za nyuma, miguu mizito. Zamu yake ilikuwa imekwisha tangu alipokuwa ofisini. Alimkuta Kitinda bado hajaondoka. Ameinama juu ya kichanga ambacho dripu yake ya kichwani ilikuwa imechomoka, na kila akisogeza sindano, mtoto anatupa kichwa upande wa pili. Mama wa mtoto alikuwa amegeukia ukutani, hawezi kuangalia.

"Amesemaje?" Kitinda akauliza bila kugeuka.

"Amesema kweli."

"Halafu?"

Redio akanawa mikono, akazunguka upande wa pili wa kitanda, akakishika kichwa kidogo kile kwa viganja viwili mpaka kikatulia. "Tafuta mshipa," akasema.